Upande wa Kushoto wa Baba

Taualofa alirudi kwao kisiwani Savaiʻi na futikamba mfukoni, na kakao aliyomiminiwa ilikuwa bado inafuka moshi alipoanza kuipima nyumba ya baba yake. Si kwamba hakuwa na adabu. Ndivyo alivyozoea. Huko Auckland, ng'ambo, kazi yake ilikuwa kuwachorea watu mabaraza, mahali pa kukaa nje kama vile uko ndani, na wateja walimgombania. Nyumba zao wale ni makabati. Ukifunga mlango umejifungia, upepo unabaki nje unabisha hodi. Yeye alikuwa amezaliwa katika nyumba isiyo na ukuta hata mmoja, paa na nguzo basi, na kila alichowachorea watu kilikuwa kipande cha nyumba hii. Sasa alitaka kuichorea yenyewe.

Na nyumba ilihitaji, wala hakuna wa kubisha. Sakafu ya duara iliyorefuka, nguzo za mfenesi zilizong'arishwa na migongo ya watu, mapazia ya makuti yaliyochakaa. Mvua ikija kutoka baharini ilipiga mbele, na wote waliokuwa ndani walisogea nyuma wakibanana. Mbele yake palikuwa na makaburi: la babu, la bibi, na mwishoni upande wa kushoto la baba yake, Alapati, lenye vigae vyeupe. Baada ya kaburi la baba palibaki kipande cha majani cha kutosha mkeka mmoja, kisha ua wa maua, na hapo ardhi yao ikaisha.

Kwenye kipande hicho ndipo mama yake, Fuatino, alipokaa kila alasiri. Aling'oa magugu, akamsimulia marehemu mumewe habari za kutwa, nani kaugua, nguruwe wa nani kaingia shamba la nani. Taualofa alimtazama siku ya kwanza na roho ikamuuma. Mama mtu mzima, miguu imevimba, anakaa kwenye majani mabichi kama asiye na kwao!

Basi akachora. Baraza lingeanzia ukingoni mwa nyumba na kusonga mbele, sakafu yake sawa na ya ndani, mikeka itandikwe kutoka ndani hadi nje bila mtu kujikwaa. Paa la bati lingeshuka chini kidogo kulikata jua la alasiri. Nguzo zingekuwa za mfenesi kama za ndani, ili macho yasijue nyumba ilipokoma. Na makaburi yasingefichwa wala kuzungushiwa uzio. Yangekuwa humo humo ndani ya baraza, vigae vikiwa kimo cha kiti, mtu akae, aegemee, aongee na wazee wake. Hilo la makaburi lilimfurahisha kuliko yote. Huko alikotoka wafu wana mtaa wao, mbali, na ukitaka kuwaona unapanda basi. Hapa baba angekuwa tena katikati ya watu wake.

Alimwonyesha mama yake kwa kamba na vigingi. Mama alifuata taratibu, akipita kila alipoelekezwa, mpaka akafika upande wa kushoto wa kaburi. Akasimama, miguu mitupu kwenye majani.

"Na hapa?" aliuliza.

"Hapo ndipo penyewe, mama! Hapo ndipo pazuri kuliko pote. Upepo wa bahari unaingilia hapo, na jua halikufikii. Utatandika mkeka wako, mgongo kwenye nguzo, na baba huyu hapa. Hutakaa tena kwenye majani."

"Sitakaa tena kwenye majani," mama alisema.

"Umepapenda?"

Mama alimwangalia usoni kwa muda. "Umekonda, mwanangu. Huko hawali magimbi?" Akageuka, akaenda jikoni.

Siku ya pili akaja Shangazi Sieni na mwavuli wake. Sieni alikuwa dada mkubwa wa marehemu, na kwetu dada wa mtu si mtu wa kuchezewa; akikohoa, ukoo mzima unageuza shingo. Mwanawe, Petaia, ndiye aliyerithi jina la Alapati na uchifu wa nyumba. Sieni alizunguka vigingi vyote, akavigonga kwa ncha ya mwavuli, kisha akamkumbatia Taualofa mpaka pumzi ikamkata.

"Alaa! Nani kasema mtoto wa kike hajengi? Kaka yangu angefufuka leo! Ila mbona huku umekomea hapa? Lete mpaka kwenye ua wa maua. Usibakize. Kipande kidogo kikibaki kitaota magugu tu, halafu watu waseme nyumba ya Alapati chafu."

"Nilifikiri niache kidogo pembeni, maji yapite."

"Maji yatapita kwingine. Maji hayana aibu."

Taualofa akacheka, akasogeza kigingi hadi kwenye ua. "Mama naye anasemaje?"

"Wifi yangu? Wifi yangu hana neno. Tangu aolewe hapa hana neno, ndiyo maana tumekaa naye vizuri. Au siyo, wifi?"

Fuatino alikuwa anapita na beseni la nguo. "Ndiyo, wifi," alisema, wala hakusimama.

Vijana wa kijiji walimwaga zege siku ya Jumamosi. Taualofa alisimamia mwenyewe, kanga kiunoni, kipimamaji mkononi. Zege aliitaka nene na nondo aliziweka mbili mbili, kwa sababu hakutaka sakafu ya baba yake ije ipasuke na mtu acheke. Shangazi Sieni, ambaye hajawahi kuleta hata shelisheli moja katika nyumba ile, siku hiyo alileta nyama za makopo, samaki wa kuchoma na sufuria ya kakao kwa wafanyakazi. Taualofa aliliona hilo, akafurahi. Alijiambia kwamba baraza limeanza kuwapatanisha mawifi kabla hata halijakauka. Masikini, alifurahi kweli.

Mama yake hakuonekana tangu asubuhi. Walimkuta baadaye nyuma, kwenye kibanda cha jiko, anachuja tui ambalo hakuna aliyemwomba.

Baraza lilipokamilika, Petaia aliwaalika machifu. Walikuja na mashati yao meupe, wakavua viatu, wakaingia wakatulia. Walilisifu paa, wakausifu upepo. Kisha bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha heshima, likaletwa, na kila mmoja akachagua nguzo yake ya kuegemea, kwa utaratibu ule ule wa ndani ya nyumba, kila cheo na upande wake. Msemaji mkuu wa kijiji, mzee mwenye tumbo kubwa na sauti ya radi, aliketi kwenye nguzo ya kushoto, pale upepo unapoingilia, bega lake likigusa vigae vya Alapati. Akapokea kikombe cha kava, akamwaga matone sakafuni, akanywa.

"Hapa," alisema akijipapasa tumbo, "mtanitoa kwa winchi."

Watu wakacheka sana. Taualofa naye alicheka, macho yamejaa machozi ya fahari, maana alikuwa ametoka hapa binti mdogo, na leo machifu wamekaa kwenye kazi ya mikono yake.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, mama yake alikuja na mkeka wake umekunjwa kwapani. Alifika hadi kwenye ile nguzo, akaitazama, akageuka na kurudi nyuma.

"Mama! Mbona hukai? Si nimekujengea wewe?"

"Pale pana mwenyewe, mwanangu."

Na ni kweli, Taualofa alijua, ila alikuwa amesahau kama mtu anavyosahau lugha. Chifu akishaegemea nguzo na kikombe cha kava mkononi, nguzo ile ni yake. Hata asipokuwepo ni yake. Watoto hawachezi hapo na wake hawatandiki mikeka hapo. Taualofa alisimama peke yake katikati ya baraza, na kwa mara ya kwanza kitu kikamkwaruza moyoni.

Aliyemfungua macho ni Miliama, mke wa Petaia. Walikuwa jikoni wanamenya magimbi, asubuhi, moshi umewajaa machoni.

"Wifi, nikikuambia neno, utanitaja?"

"Sikutaji."

"Mama yako atazikwa wapi?"

Taualofa aliacha kumenya. "Mama yangu hajafa."

"Hajafa, Mungu amweke. Lakini miguu ile unaiona." Miliama alichungulia nje, kisha akashusha sauti. "Baba yako alipokuwa anakata roho, wewe ulikuwa bado uko njiani, kwenye ndege. Sisi wote tulikuwa tumemzunguka. Alisema wazi, 'Kushoto kwangu mwachieni Fuatino.' Mama mkwe wangu, huyu shangazi yako, alikuwa anampepea. Hakujibu. Aliendelea kumpepea tu."

Gimbi lilimponyoka Taualofa likabingirika majivuni.

"Kwa nini hataki?"

"Hataki mama yako awe kwenye mstari na wazazi wake yeye. Sisi wake tumekuja tu, wifi. Tunapika, tunazaa, tunatumwa. Tukifa, ndugu zetu wanakuja kutuomba, na wakituomba sana tunarudishwa tulikotoka. Lakini mke aliyelala mbele ya nyumba, huyo nani tena atamwambia kwamba alikuja tu?" Miliama alijifuta macho, na haikuwa moshi peke yake. "Siku ile ulipochora, mimi nilidhani mama yako atasema. Halafu nikadhani labda amekubali. Na mimi ni nani?"

Taualofa hakungoja magimbi yaive. Alimkuta shangazi yake nyumbani kwake, amekaa anasuka mkeka wa sherehe, wa nyuzi nyembamba kama nywele, mtandio begani.

"Shangazi, ulijua."

"Nilijua nini, mwanangu? Kaa kwanza, umekuja na jasho."

"Kwamba pale ni pa mama."

"Pale wapi? Pale pa msemaji mkuu?" Vidole vyake havikusimama. "Nani alimweka pale? Mimi ninashika kalamu? Mimi ninajua kupima? Mimi sijui hata kuandika jina langu bila miwani. Wewe ndiye uliyechora. Mimi nilisifu. Siku hizi kusifu kumekuwa kosa?"

Kilichomuua Taualofa ni kwamba yule mwanamke alikuwa anasema kweli. Kigingi cha mwisho alikisogeza yeye, kwa mkono wake, tena akicheka.

Alimwendea Petaia. Petaia hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na mwoga aliyepewa uchifu hana faida kwa mtu. Alikuna kichwa, akatazama kando.

"Sasa nimwambie nini mzee, dada? Nimwambie ondoa makalio tuchimbe? Amekunywa kava pale mbele ya kijiji kizima. Watatutoza faini, watatutenga, na mama yangu ndiyo usiseme. Nyuma si kuna nafasi?"

"Nyuma ni jikoni, Petaia. Nyuma ni nguruwe."

"Nimesema tu kwamba ipo."

Alasiri hiyo Taualofa alikaa ndani ya nyumba, akampaka mama yake mafuta ya nazi miguuni. Miguu ilikuwa mizito, na kidole kikibonyeza kiliacha shimo. Mbele yao baraza lilikuwa tupu, limefagiliwa, upepo unalipita bila kumgusa mtu. Vigae vya baba vilionekana vizuri kutoka pale. Kwa hilo mchoro haukukosea.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Fuatino aliurudisha mguu wake mkekani.

"Ulikuwa umeshika ile kamba yako," alisema, "unakimbia huku na huku, unapiga kelele, kama ulipokuwa mdogo. Miaka yote ile sikuwa nimekuona ukikimbia. Nikasema, nikimwambia ataacha. Na akiacha, atakaa hapa kufanya nini? Ataondoka."

"Nisingeondoka."

"Basi sikujua." Alimpapasa kichwa. "Sakafu ni nzuri. Watu wote wanaisifu. Baba yako naye hapigwi tena na mvua."

Taualofa akaanza kulia, kilio cha mtu aliyezuia muda mrefu.

"Polepole," mama yake alimwambia. "Nyumba haina ukuta."

Fuatino alifariki kabla msimu wa mvua haujaisha, mchana, watu wakiwa kanisani. Taualofa alikuwa naye. Mama hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji, akanywa nusu.

Ndugu zake marehemu walivuka kutoka kisiwa cha Upolu kwa feri, wakatembea barabarani kwa mstari wakiwa wamekunjua mikeka yao ya sherehe ionekane, na mbele yao kaka mkubwa, Mjomba Ielemia, akiegemea fimbo. Waliketi kwenye baraza jipya, maana ndipo wageni walipoketishwa sasa. Ielemia alizungumza vizuri, kwa heshima zote, akaomba apewe dada yake arudi Aleipata, huko Upolu, alikozaliwa. Kwa desturi, hapo upande wa mume hukataa. Huomba, hulia, husema huyu ni wetu, ametuzalia, hatumwachii. Kisha huelewana. Taualofa alimkazia macho shangazi yake, akimwomba kimoyomoyo akatae, japo kwa uongo.

Sieni alishusha pumzi ndefu. "Nani asiyetaka wifi abaki? Lakini tazameni wenyewe, wapendwa. Mbele pamejaa." Akapitisha mkono wake taratibu juu ya sakafu yote, kutoka nyumbani hadi kwenye ua wa maua. "Nyuma ipo nafasi, karibu na jiko. Mkipenda."

Ielemia aligeuza kichwa akatazama nyuma, ambako nguruwe jike alikuwa anafukua maganda. Akasema bila kupandisha sauti, "Dada yetu hatalala na nguruwe."

Hapo Taualofa aliinuka. Watu walidhani anakwenda kumpa mjomba mkono. Alishuka hadi kwenye ghala la vyombo, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akapanda baraza mbele ya machifu, mbele ya mchungaji, mbele ya kijiji kizima kilichojaa barabarani. Alifika kwenye nguzo ya kushoto. Msemaji mkuu akaruka kando, tumbo na yote, bila winchi yoyote. Taualofa akainua nyundo, akaishusha kwa nguvu zote za mwili wake.

Sakafu ikalia kama kengele. Akapiga tena, na tena. Vumbi jeupe likaruka kidogo, na pale palipopigwa pakabaki alama kama ya kucha. Haikupasuka. Alikuwa ameweka zege nene na nondo mbili mbili, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Hakuna aliyemzuia. Walimwacha apige mpaka mikono ikamwishia, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemkamata. Ni Ielemia aliyemwendea, akaichukua nyundo akailaza chini.

"Basi, mwanangu. Twende na mama."

Walivuka alasiri hiyo hiyo, jeneza nyuma ya pikapu, pikapu ndani ya feri kati ya lori la soda na gari la watalii. Taualofa alisimama ameshika ubavu wa jeneza ili lisitikisike. Huko Aleipata walimzika Fuatino mbele ya nyumba ya kaka zake, mwisho wa mstari, baada ya shangazi yao aliyekufa zamani na mtoto ambaye jina lake lilikwisha kufutika. Wanawake wa pale walilia kwa adabu. Wengi hawakumjua. Walisikika wakiulizana, "Huyu ndiye yule wa Savaiʻi?" Maisha yake yote kule Savaiʻi aliitwa yule wa Upolu.

Baada ya mazishi Taualofa hakwenda popote. Alikaa hapo kwa wajomba, akashinda akiyang'oa magugu pembeni mwa kaburi bichi, na akiwa peke yake alimsimulia mama yake habari za kutwa.

Siku moja Ielemia akaketi kando yake, akakohoa kidogo. Alikuwa mtu mwema, na hakujua anachosema.

"Mwanangu, lile baraza lako limevuma mpaka huku. Yaliyopita yamepita, lakini kazi ni kazi. Na sisi hapa mbele petu pako wazi, mvua inatupiga. Hutuchorei na sisi moja?"

Taualofa akatia mkono mfukoni akatoa futikamba, akampa mjomba wake ashike ncha moja, naye akavuta nyingine. Hakuanzia kwenye nyumba. Alianzia kwenye kaburi la mama yake, upande wa kushoto. Akapima urefu wa mtu, akapima na upana, akatafuta mawe manne akayaweka kwenye pembe.

"Kwingine kote nitakuchorea, mjomba. Hapa hapamwagwi zege. Akija mtu yeyote, hata awe chifu, asikae hapa."

"Pa nani hapo?"

"Pangu."

Ielemia alitaka kumtania, amwambie msichana mzima anajichimbia, lakini alimwona uso akaacha. Akatazama baharini, upande ambao Savaiʻi ingekuwa.

"Na baba yako, je?"

"Baba ana wageni," Taualofa alisema. Akaachia kamba ikarudi ndani ya kopo lake, akamshika mjomba wake mkono, wakaingia ndani kula.